Kutoka Nge Hadi Tarantula wa Shimoni: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Unguja na Pemba

Ukiwa mfugaji wa nge wa siku nyingi, mkono wako una tabia moja itakayomuua tarantula (buibui mkubwa) wako wa kwanza, nayo ni kushika koleo. Nge unambana mkiani, chini kidogo ya mwiba, unamnyanyua, unamhamisha, naye anatua mzima. Tarantula hana pa kubanwa. Tumbo lake ni laini kama zambarau iliyoiva. Likibanwa, au akianguka kutoka kimo cha sentimita 30 tu, ngozi hupasuka, damu ikamwagika, na hapo huna la kufanya.

Nimefuga nge hapa Unguja kwa miaka 11, wengi wao wale wakubwa wenye magando mekundu, Pandinoides cavimanus, wanaotoka Bara. Tarantula nimekaa nao miaka 5. Mwongozo huu ni kwa mwenzangu aliyekwisha kumjua nge ndani na nje, na sasa anataka tarantula anayechimba shimo na kuishi humo. Wale wa mitini siwagusi hapa. Nao ni wazuri, lakini ujuzi wako wa nge hautakusaidia sana kwao. Kwa wa shimoni utakusaidia, ila si kila mahali.

Ujuzi utakaokufaa na utakaokuponza

Udongo unaujua. Unajua kufinyanga tonge la udongo mkononi ukapima kama unyevu umetosha. Unajua kukaa wiki tatu bila kumwona mnyama wako na usipate wasiwasi. Hayo mawili ni nusu ya kazi.

Kinachoponza ni mengine. La kwanza ni mwendo. Nge mkubwa hukuonya kwanza: hunyanyua magando, hupinda mkia, husogea hatua mbili. Tarantula wa Afrika hukaa kimya kama jiwe, kisha ukipepesa jicho yuko upande wa pili wa sanduku, au yuko nje. La pili, nge hapandi kioo wala plastiki laini, tarantula hupanda. Chini ya miguu yake mna vinyweleo vinavyogandia, naye hutembea kwenye ukuta wa kioo kama anayetembea sakafuni. Sanduku lako la nge la kimo kirefu lenye udongo kidogo chini, kwake ni mtego wa kuangukia.

La tatu ni tochi. Sisi wa nge tumezoea tochi ya mwanga wa zambarau: unaiwasha usiku, nge anang'aa rangi ya kijani, unamhesabu, unazima. Tarantula hang'ai hivyo. Tumia taa nyekundu hafifu, tena usimulike mlango wa shimo moja kwa moja.

La nne ni sumu. Umezoea kumsoma nge kwa umbo lake: magando manene na mkia mwembamba, sumu yake si kali; magando membamba na mkia mnene, kaa mbali. Tarantula hasomeki hivyo. Yeye unamsoma kwa bara alikotoka. Wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha mgongoni mwa tumbo, huzipangusa kwa miguu ya nyuma zikakurukia, na zikikuingia machoni utaukumbuka upupu kwa hamu. Wa Afrika na Asia hawana nywele hizo, basi silaha yao ni meno, na kuuma kwao kunauma kwelikweli.

Kibali kwanza

Zanzibar ina sheria yake ya misitu na uhifadhi, ya mwaka 1996, na mambo ya wanyamapori wa visiwani huamuliwa huku huku. Basi kabla ya kulipa hata shilingi moja, nenda idara ya misitu, Unguja au Pemba, uulize kwa maandishi kuhusu aina unayotaka na ujibiwe kwa maandishi. Kama mnyama anatoka Bara, uliza na kule. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha nje ya nchi wanyamapori hai, na tangu hapo ukaguzi bandarini na viwanja vya ndege si wa kubahatisha. Baadhi ya tarantula wa Amerika, kama wa jenasi ya Brachypelma, wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kama alivyo nge mkubwa wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator. Hao huwezi kuwapitisha mpaka wowote bila karatasi.

Ukiona ni usumbufu, mtazame kunguru. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ale taka za mji, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu mpaka mashamba. Kisiwa hakina pa kumtupia mgeni aliyetoroka. Kwa hiyo usiagize jozi kwa nia ya kuzalisha mwaka wa kwanza, na usimwachie kamwe shambani tarantula uliyemchoka.

Na usimchimbe wa porini. Nasema hivi nikijua wapo vijana wanaolipwa kuchimba mashimo huko Bara. Jike mmoja mzima ana miaka mingi shimoni mwake, na ukimtoa umeondoa vifuko vyote vya mayai ambavyo angetaga mahali pale. Tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji.

Kuchagua aina

Hapa ndipo wengi hukosea, maana huchagua kwa picha. Mimi nashauri uchague kwa hali ya hewa ya nyumba yako na kwa ujasiri wako halisi, si ule unaoutamani.

Chaguo langu la kwanza kwa mtu wa visiwani ni Ceratogyrus, tarantula mwenye pembe, wa kusini mwa Afrika. Wawili wanaofugwa sana ni C. marshalli, ambaye pembe yake mgongoni husimama wima, na C. darlingi, ambaye yake huinama kwenda nyuma. Wanatoka nchi zenye joto kama Zimbabwe na Msumbiji, zenye majira ya mvua na majira ya kiangazi, kwa hiyo masika yetu na kiangazi chetu haviwasumbui mradi hewa inapita. Huchimba, hufuma utando mzito mlangoni, hula vizuri, na wakishtuka kwa kawaida hukimbilia ndani badala ya kuja kwako. Si wapole. Ila ukiheshimu shimo lao nao watakuheshimu.

Wa pili ni Monocentropus balfouri, wa kisiwa cha Sokotra. Manahodha wa majahazi yaliyokuja na kaskazi walikijua kisiwa hicho, na mimi kwa hilo nina upendeleo naye. Mwili wake ni wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, miguu ni ya buluu ya kijivu. Mama huishi na watoto wake shimoni muda mrefu, jambo ambalo wewe wa nge utalielewa haraka kwa sababu umeona watoto wa nge wakibebwa mgongoni. Bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya Ceratogyrus.

Wa tatu ni Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, jitu la rangi ya kutu, miguu ya nyuma minene iliyoumbwa kwa kuchimba. Anafikia upana wa karibu sentimita 20 miguu ikinyooshwa. Akiudhika husugua miguu ya mbele ukasikia sauti kama ya mafuta yaliyomiminiwa kitunguu. Hukua polepole mno, na jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Namshauri kwa aliyeridhika kufuga shimo, kwa maana shimo ndilo utakaloliona siku nyingi.

Usianze na Pterinochilus murinus. Najua ni wa kwetu Afrika Mashariki, najua yule wa rangi ya chungwa wa milima ya Usambara ni mzuri ajabu, na najua ni mgumu kufa. Tatizo ni kasi na hasira vikikutana na mkono uliozoea nge. Mweke wa pili au wa tatu. Wachimbaji wa Asia nao waache kwanza, kwani wanataka udongo wenye maji mengi daima na wana kasi ileile. Kama kuumwa kunakutia hofu kuliko kuwashwa, fikiria Aphonopelma seemanni wa Amerika ya Kati, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Naye huchimba.

Kuchagua mmoja kati ya wengi

Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa “jike mzima” na muuzaji mmoja wa Bara. Alikuwa na miguu mirefu, mwili mwembamba, na usiku alizunguka sanduku bila kupumzika wala kuchimba. Miezi minne akafa. Alikuwa dume aliyekomaa, na dume akishakomaa siku zake ni za kuhesabu. Laiti ningetazama mikono yake midogo ya mbele: ncha zake zilikuwa zimevimba kama za bondia aliyevaa glovu. Hiyo ndiyo alama. Ukiiona, usinunue, hata uambiwe nini.

Mimi humshauri mtu achukue kijana wa upana wa sentimita 4 mpaka 6. Mchanga zaidi ya hapo hufa kwa kosa dogo la unyevu, na mkubwa zaidi humjui umri wake. Tazama tumbo: liwe limejaa, lisiwe na mikunjo, lisizidi sana kifua kwa upana. Hesabu miguu. Mguu mmoja kukosekana si neno, utaota akijivua ngozi. Ila akitembea kwa kutetereka kama aliyelewa, mwache.

Shimo

Huku ndiko utakakotumia siku yako nzima, nami naomba usiharakishe.

Kwa Ceratogyrus mzima tafuta sanduku la kioo au plastiki ngumu la kimo cha sentimita 40, ulijaze udongo sentimita 25 au zaidi. Pelinobius mzima anataka udongo wa sentimita 40, na wengine hutumia pipa dogo. Kijana wako anatosha kwenye kopo la lita moja lililojazwa theluthi mbili. Nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Ukiona umejaza udongo kiasi cha kuona aibu, hapo umekaribia.

Udongo wenyewe tunao. Chukua kinongo, ule mwekundu wa mashambani, kutoka mahali pasipopigwa dawa. Usichukue kwenye bustani ya tungule au mchicha, na usichukue mchanga wa pwani kwa sababu ya chumvi. Changanya sehemu tatu za kinongo na sehemu moja ya makumbi yaliyochambuliwa. Hapo kuwa na tahadhari. Makumbi mengi yanayopatikana kwa wasokota kamba wa kusini na mashariki ya Unguja yamefukiwa ufukweni miezi kadhaa yaoze, na yamejaa chumvi. Chukua makumbi makavu ya nazi za nyumbani, au yaloweke kwenye maji ya mvua na kubadilisha maji mara nne tano, hadi ukiyaonja ulimini usihisi chumvi. Mimi huyaonja kweli.

Tandaza mchanganyiko juu ya bati juani siku tatu, ukiugeuza, chungu na minyoo wafe. Kisha unyunyizie maji ya mvua, ufinyange tonge: lishikane, lisichuruzike. Jaza sanduku kwa tabaka za vidole vinne, kila tabaka ulishindilie kwa ngumi. Udongo uliomwagwa tu bila kushindiliwa hauwezi kushika shimo, utamwangukia. Unapofika nusu, simamisha bomba jembamba la plastiki kwenye pembe moja, lifike karibu na chini. Hilo ni la kumiminia maji baadaye, ili chini kubaki na unyevu na juu kukauke. Mwisho, toboa kwa mpini wa jembe au kijiti kinene tundu la mshazari lenye kina cha sentimita 10, kando ya kioo, na juu yake weka kipande cha kifuu. Hapo atakuta kazi imeanzishwa.

Usipange mawe. Kwa nge unapanga mawe ya matumbawe yakapendeza, lakini tarantula atachimba chini yake na jiwe litamlalia.

Kifuniko kisiwe cha wavu. Kucha za tarantula hunasa kwenye matundu ya wavu akaning'inia, akakatika mguu au akaanguka. Tumia kifuniko cha plastiki, utoboe matundu kwa msumari uliopashwa moto, madogo kuliko kifua chake, juu na pande mbili zinazokabiliana ili hewa ivuke. Wakati wa masika hewa isipopita utapata ukungu mweupe ndani ya wiki.

Taa ya joto huhitaji. Joto la visiwani linamtosha mwaka mzima. Shida yetu ni kinyume chake: chumba cha bati wakati wa kaskazi, saa nane mchana, kinapika. Weka sanduku chini, kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Nalo liwe juu ya meza ndogo ambayo miguu yake umeitia kwenye vikopo vya maji, kama wazee walivyofanya kwa kabati la chakula, chungu wasipande.

Siku ya kumpokea

Kama anavuka na boti, awe kwenye kopo dogo lenye karatasi laini yenye unyevu, ndani ya mkoba wako, kivulini, si kwenye shehena ya juu ya sitaha. Hata ukifika Mkoani umechoka, usimhamishe usiku huo. Kesho asubuhi weka sanduku sakafuni, wewe ukae chini, mlango umefungwa, pengo la chini ya mlango umelizibia kanga. Laza kopo ndani ya sanduku, lifungue, umguse nyuma taratibu kwa brashi laini ya rangi. Akitoka nje, funika kwa bakuli linaloonesha, pitisha karatasi ngumu chini yake, mrudishe. Usimkimbize kwa mkono.

Chakula na maji

Nyenje mmoja au mende mdogo wa kufugwa kwa wiki anamtosha kijana, na mzima siku kumi mpaka kumi na nne. Mdudu asizidi ukubwa wa tumbo lake. Asipoliwa mpaka kesho yake, mtoe. Maji yawe kwenye kifuniko cha chupa au kifuu kidogo, ya mvua kama unayo, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi. Kila wiki mbili tatu mimina kikombe cha maji kwenye lile bomba, na wakati wa masika punguza.

Dawa za mbu

Tangu 2006 nyumba zetu zimekuwa zikipuliziwa dawa ya ukutani dhidi ya malaria. Ni kazi inayookoa watoto wetu, usiizuie. Lakini dawa iliyotengenezwa kuua mbu humuua na buibui, na hukaa ukutani miezi. Ukisikia timu inakuja shehia yenu, mhamishie tarantula kwa ndugu ambaye nyumba yake haijapuliziwa, na akirudi sanduku lisiguse ukuta. Dawa za kuzungusha zinazowashwa usiku na za makopo ni hatari vilevile. Lala kwenye chandarua. Na usimlishe kamwe mende uliyemkuta jikoni, hujui alikopita.

Watu wa nyumbani

Tia kufuli. Watoto wa jirani watakuja kutazama, wewe haupo. Akiuma mtu, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani, meza dawa ya maumivu. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka. Maumivu na misuli kukaza vinaweza kurudi kwa siku kadhaa kwa tarantula wa Afrika. Ikizidi, pumzi ikibana au mwili ukivimba, nenda hospitali na useme aina yake kwa jina. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kwa sumu ya tarantula, lakini mtoto asisubirishwe.

Nilikhofia zaidi bibi yangu, aliyekulia Makunduchi. Nge hakuwataka kuwaona. Siku nilipomwonesha tarantula, alikaa kimya kidogo. “Huyu mwache akae, mjukuu wangu,” akasema. “Jamaa zake walimsitiri Mtume pale pangoni.” Nikamjibu, “Naam, bibi.” Tangu hapo majirani wakiuliza yeye ndiye anayewajibu.

Mlango ukifungwa

Ipo siku utaamka ukute shimo limezibwa kwa udongo na utando. Kwa nge ungeinua gome ukatazama. Hapa usichimbe. Anajivua ngozi, na jike hujivua hata baada ya kukomaa, tofauti na nge anayeacha akishakuwa mzima. Usimpe chakula, endelea na maji ya bomba. Wangu alifunga wiki saba, nami kila usiku nilipita na taa nyekundu. Ukimkuta amelala chali, miguu juu, usimguse, yuko kazini na inaweza kumchukua saa nyingi. Aliyekufa au anayekufa kwa kukosa maji hulala kifudifudi, miguu yote imekunjwa chini ya mwili kama ngumi.

Akifungua, ngoja wiki mbili meno yawe magumu ndipo umpe mdudu. Ngozi ya zamani huisukuma nje ya mlango, imesokotwa kama karatasi ya halua. Usiitupe. Iweke kwenye kisahani cha maji yenye tone la sabuni, ikilainika ukunjue sehemu ya tumbo kwa vijiti viwili vya meno. Utaona mabaka manne meupe, mawili juu na mawili chini, ndiyo mapafu yake. Tazama kwa kioo cha kukuzia kati ya yale mawili ya juu, upande wa ndani. Ukiona kijikunjo cha ngozi kilichosimama kama kimfuko, ni jike. Pakiwa patupu, huenda ni dume, na ngozi ya safari ijayo itakuambia kwa uhakika zaidi. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta, bandika ubavuni mwa sanduku.